Nimeitwa kwenye usaili wa kuuza dawa na sijui istilahi za tiba. Nianzie wapi?

"Nina shahada ya biashara na nimeshafanya kazi ya mauzo, ila si ya dawa. Sasa nimeitwa kwenye usaili wa kampuni ya dawa, kazi ya kuwatembelea madaktari na wafamasia. Nimenunua kamusi ya tiba na nimeanza kuikariri kutoka herufi A, lakini ninachokisoma jioni, asubuhi kimeshayeyuka. Rafiki yangu aliye kwenye kazi hiyo ananiambia nisijisumbue, kinachouza ni ulimi. Mwingine anasema nikishindwa kueleza nusu-maisha ya dawa nitaaibika mbele ya daktari. Pia sielewi kama dawa za jeneriki ni dawa dhaifu. Na nikifundishwa kwamba dawa yetu haina madhara, naweza kulisema hilo kwa daktari? Naomba uniambie yapi ni ya lazima."

Swali lako limebeba hofu mbili. Ya kwanza ni kuaibika mbele ya mtu aliyesoma kuliko wewe. Ya pili umeigusa mwishoni tu: kusema jambo lisilo la kweli kuhusu dawa ambayo mtu ataimeza. Mimi kama mfamasia naiona hiyo ya pili kuwa nzito zaidi, na ukiishughulikia vizuri, ya kwanza itapungua yenyewe.

Kamusi iweke kando kwa sasa. Inapanga maneno kwa alfabeti, wakati daktari anawaza kwa mpangilio mwingine kabisa: mgonjwa huyu, ugonjwa huu, dawa hii, kiasi hiki, na nini kinaweza kuharibika. Ukijifunza maneno katika mpangilio huo yatashika. Rafiki yako naye amekosea kwa upande mwingine. Ulimi unaweza kukufungulia mlango wa daktari mara ya kwanza, lakini mara ya pili atakukaribisha kwa sababu uliyomwambia kuhusu dawa aliyaona yakitokea hivyo hivyo kwa mgonjwa wake.

Anza na majina. Kila dawa ina jina refu la kikemia ambalo hutalihitaji sana, jina la kitaalamu la kimataifa, na jina la biashara ambalo kampuni imelisajili. Paracetamol ni jina la kitaalamu. Panadol ni la biashara. Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha ya kwanza ya majina ya kimataifa mwaka 1953, ili daktari wa nchi moja na mfamasia wa nchi nyingine wazungumzie kitu kimoja. Bado kuna tofauti chache za kukumbuka: Marekani huita paracetamol acetaminophen, salbutamol huita albuterol, na adrenaline huita epinephrine. Majina haya nayaandika kama yanavyochapwa kwenye boksi, kwa sababu tahajia yake ina kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Sehemu ya jina, mara nyingi ile ya mwisho, hutaja ukoo wa dawa. Captopril, enalapril na lisinopril ni ndugu; zote hushusha shinikizo la damu kwa kuzuia kimeng'enya kimoja. Losartan na valsartan ni ukoo mwingine unaogusa mfumo huo huo hatua moja mbele. Atenolol na bisoprolol hupunguza kasi ya moyo. Amlodipine na nifedipine hulegeza mishipa ya damu. Omeprazole na esomeprazole hupunguza asidi ya tumbo, ciprofloxacin na levofloxacin ni antibayotiki za ukoo mmoja, na majina yanayoanza na cef-, kama ceftriaxone, ni ya ukoo mwingine wa antibayotiki. Ukizijua koo kama kumi hivi, jina geni halitakutisha tena.

Ila usikimbilie kubahatisha. Nystatin inamalizikia kama atorvastatin na simvastatin, dawa za kushusha lehemu, lakini yenyewe ni dawa ya fangasi. Aripiprazole inasikika kama omeprazole, kumbe ni dawa ya magonjwa ya akili. Ukoo unakupa dhana ya kwanza, na maelezo rasmi ya dawa ndiyo yanayoithibitisha au kuikataa.

Hapo tunafika kwenye jeneriki. Jeneriki ni dawa yenye kiambato hai (kile kinachotibu) kile kile, kiasi kile kile na njia ile ile ya kutumika kama dawa ya awali, inayotengenezwa na kampuni nyingine baada ya hataza, yaani haki ya kampuni ya kwanza kuitengeneza peke yake, kuisha. Si dawa feki. Feki ni uhalifu, na inaweza kuvaa jina la biashara la kampuni kubwa kabisa. Ili jeneriki ya kumeza isajiliwe, kwa kawaida watu wenye afya njema hupewa dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, kisha hupimwa damu. Huangaliwa kilele cha dawa kwenye damu, kinachoandikwa Cmax, na jumla ya dawa iliyopita kwenye damu kwa muda wote, inayoandikwa AUC.

Kuna kosa hapa ambalo utalisikia hata kwa watu wa kazi hii. Kanuni inasema uwiano wa dawa hizo mbili uwe kati ya asilimia 80 na 125. Wengi huisoma kama ruhusa ya kuweka dawa pungufu kwa asilimia 20. Sivyo. Kiasi cha dawa ndani ya kidonge kina masharti yake mengine. Kanuni hii inahusu wastani wa uwiano pamoja na ukingo wa shaka unaouzunguka, na ukingo wote, juu mpaka chini, lazima ukae ndani ya mipaka hiyo. Wastani ukisogea karibu na 80, ukingo utatoka nje na dawa itakataliwa. Kwa hiyo jeneriki iliyosajiliwa ipasavyo haistahili kuitwa dhaifu.

Pamoja na hayo, zipo dawa ambazo tofauti ndogo ya kiwango kwenye damu huleta shida: warfarin, phenytoin, digoxin, levothyroxine. Kwa hizo, daktari anapotaka mgonjwa asibadilishiwe kampuni ovyo ana sababu nzuri. Ukiajiriwa kuuza dawa ya jina la biashara, utashawishika kuzipaka matope jeneriki zote kwa jumla. Usifanye hivyo. Si kweli, na mfamasia aliye mbele yako anajua si kweli.

Sasa tuje kwenye karatasi ambayo ndiyo kitabu chako cha kiada. Ndani ya kila boksi mna kikaratasi cha maelezo, na nyuma yake kuna waraka mrefu zaidi ulioandikwa kwa ajili ya wataalamu na kupitishwa na mamlaka ya dawa. Karibu kila neno utakaloulizwa limo humo, tena kwa mpangilio ule ule anaowaza daktari. Tuchukue enalapril tuusome pamoja.

Kwanza utakuta matumizi yaliyoidhinishwa, ambayo wengi huyaita indikesheni. Kwa enalapril ni shinikizo la juu la damu na moyo kushindwa kufanya kazi vizuri. Neno hili ni uzio. Kilichomo ndani unaweza kukizungumza. Kilicho nje huruhusiwi kukitangaza, hata kama daktari mwenyewe kwa uamuzi wake anaitumia dawa hiyo kwa ugonjwa mwingine.

Inafuata dozi. Utaona kwamba dozi ya kuanzia ni ndogo kuliko ya kuendelea nayo, na kwamba hupunguzwa kwa mgonjwa wa figo. Jiulize kwa nini, kwa sababu daktari atakuuliza. Enalapril ikimezwa haijawa dawa kamili. Ini huibadilisha kuwa enalaprilat, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Dawa ya namna hiyo, inayosubiri mwili uiamshe, huitwa dawa tangulizi. Kisha enalaprilat hutolewa kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu, inabaki mwilini muda mrefu, inarundikana, na shinikizo linaweza kushuka kupita kiasi. Kwa mfano huo mmoja umeshaingia kwenye famakokinetiki, yaani yale ambayo mwili unaifanyia dawa, yenye hatua nne: kufyonzwa, kusambazwa, kubadilishwa, kutolewa. Yale ambayo dawa inaufanyia mwili, kwa enalapril kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini ya pili inayobana mishipa, huitwa famakodainamiki.

Kisha kuna vizuizi vya matumizi, au kontraindikesheni, na chini yake tahadhari. Usizichanganye. Kizuizi maana yake mgonjwa huyu asipewe kabisa. Mtu aliyewahi kuvimba uso, midomo na koo kwa sababu ya dawa za ukoo huu hapewi enalapril. Mjamzito wa miezi mitatu hadi tisa hapewi, kwa sababu dawa hudhuru figo za mtoto aliye tumboni, na hata kabla ya hapo haishauriwi. Tahadhari maana yake anaweza kupewa, ila kwa uangalizi: kupima figo, kupima potasiamu. Mwakilishi wa mauzo anayeita kizuizi tahadhari amemwongoza daktari vibaya kwa neno moja.

Mwingiliano wa dawa una sehemu yake. Enalapril hupandisha potasiamu. Ikikutana na spironolactone, nayo inayopandisha potasiamu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Ukizijua koo za dawa, sehemu hii utaisoma kwa wepesi.

Mwishoni kuna madhara, na hapo swali lako la mwisho linapata jibu. Dawa isiyo na madhara haipo. Dawa inaweza kuvumilika vizuri, inaweza kuwa na madhara machache kuliko nyingine katika utafiti fulani, lakini haiwezi kuwa haina. Ukifundishwa kusema hivyo, kataa kwa heshima na uombe uoneshwe sentensi hiyo ilipo kwenye waraka ulioidhinishwa. Hutaioneshwa.

Jifunze ngazi za maneno hapa, maana zina namba. Katika nyaraka nyingi, "hutokea sana" maana yake ni mgonjwa 1 au zaidi katika kila 10. "Hutokea mara kwa mara" ni kuanzia 1 katika 100 hadi chini ya 1 katika 10. "Si mara nyingi" ni kuanzia 1 katika 1,000, "nadra" ni kuanzia 1 katika 10,000, na "nadra sana" ni chini ya hapo. Kikohozi kikavu cha enalapril kimo katika ngazi ya juu kabisa. Hutokana na kimeng'enya kile kile kinachozuiwa: kazi yake nyingine ni kuvunja bradikinini, kemikali ya mwili, na isipovunjwa hurundikana na kuwasha njia ya hewa. Daktari akikuambia wagonjwa wake wanakohoa, mwakilishi asiyejua atabisha. Wewe utakubali na kumweleza sababu, na pengine utamkumbusha kwamba ukoo wa losartan hauzuii uvunjaji huo wa bradikinini, ingawa ni kampuni nyingine inayouuza. Utapoteza boksi moja leo. Nakuhakikishia daktari huyo atakusikiliza kesho.

Tofautisha pia tukio na dhara. Mgonjwa akianguka siku ya tatu baada ya kuanza dawa, hilo ni tukio: limetokea baada ya dawa, na haijajulikana kama ni kwa sababu yake. Likishukiwa kutokana na dawa linakuwa dhara linaloshukiwa. Kazi yako si kuamua ni lipi. Ukisikia lolote, hata kwa kupita koridoni, liripoti kwenye idara ya usalama wa dawa ya kampuni. Kampuni nyingi hutaka taarifa ndani ya saa 24. Kutoripoti kwa kuogopa kuiharibia dawa jina ni kosa lisilo na utetezi.

Unadhani natia chumvi uzito wa maneno? Mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani kwa jinsi ilivyoitangaza OxyContin, dawa kali ya maumivu. Kiini cha kesi kilikuwa ni maneno yaliyofikishwa kwa madaktari: kwamba dawa hiyo ina hatari ndogo ya uraibu kuliko nyingine za aina yake. Walioyafikisha ni pamoja na wawakilishi wa mauzo, watu wenye kazi unayoiomba.

Kuhusu nusu-maisha, maana ni moja: muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu hupungua kwa nusu. Daktari haulizi ili akupime kumbukumbu. Anataka kujua mambo mawili: dawa inywewe mara ngapi, na asubiri muda gani kabla ya kusema haifanyi kazi. Paracetamol ina nusu-maisha ya kama saa 2 hadi 3, ndiyo maana hurudiwa mara kadhaa kwa siku. Amlodipine ina saa 35 hadi 50, hivyo mara moja kwa siku inatosha. Tena, dawa ikinywewa kila siku huchukua kama nusu-maisha 4 hadi 5 kufikia kiwango tulivu, pale ambapo kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Kwa amlodipine hiyo ni kama wiki moja au zaidi kidogo. Daktari anayetaka kuongeza dozi siku ya tatu anahitaji kusikia hilo. Na mgonjwa akiacha dawa, baada ya nusu-maisha 5 kumebaki kama asilimia 3 tu.

Utakutana pia na neno bioavailability, yaani kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu. Ikichomwa kwenye mshipa hufika yote. Ikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini linaweza kuikata kabla haijafika popote. Propranolol hupoteza sehemu kubwa hivyo, na ndiyo sababu dozi yake ya sindano ni miligramu 1 hivi wakati kidonge ni cha makumi. Usije ukadhani dozi kubwa ya kidonge ni dawa kali zaidi.

Vifupisho vya cheti cha dawa utavijua kwa wiki: od mara moja kwa siku, bd mara mbili, tds mara tatu, prn inapohitajika, stat papo hapo, IV ndani ya mshipa, IM ndani ya msuli, SC chini ya ngozi. Kuwa mwangalifu na vipimo tu. Mikrogramu ikisomwa miligramu, mgonjwa amepata mara 1,000. Dawa ya maji iliyoandikwa 125 mg/5 ml ina miligramu 25 kwa kila mililita. Mizizi ya Kigiriki nayo haina shida: hepat- ni ini, nephr- figo, gastr- tumbo, -itis ni uvimbe wa mchochota, -algia maumivu. Hyper- ni kuzidi na hypo- ni kupungua, na kwa kuwa kwenye simu hayo mawili husikika karibu sawa, sema "sukari imepanda" au "sukari imeshuka" uwe salama.

Namba za utafiti ndizo zitakazokutofautisha na waombaji wengine. Tuseme kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kiambato hai, 2 walipata kiharusi, na kati ya 100 waliopewa dawa yenu, 1. Kipeperushi cha mauzo kitaandika "imepunguza hatari kwa asilimia 50". Ni kweli, kwa kulinganisha. Kwa hesabu kamili imepungua kwa asilimia 1: wagonjwa 100 watibiwe ili 1 anusurike. Zote mbili ni sahihi, na uaminifu ni kuzitaja zote mbili. Vilevile "tofauti yenye maana kitakwimu" haimaanishi tofauti ambayo mgonjwa ataihisi. Maana yake ni kwamba si rahisi itokee kwa bahati tu. Shinikizo likishuka kwa pointi 1 katika utafiti wa maelfu ya watu, takwimu zitafurahi na mgonjwa hataona kitu.

Kwa muda ulionao, kozi za mtandaoni ni nzuri kwa msingi, ila nyingi hukupa maneno bila mgonjwa. Mafunzo ya kampuni utayapata ukiajiriwa, na yatakuwa mazuri kuhusu dawa zao na mafupi kuhusu kasoro zake. Mimi ningechagua njia ya tatu kabla ya usaili: tafuta dawa tatu wanazouza, pakua maelezo yake rasmi, na usome kila moja kwa mpangilio niliokuonesha mpaka uweze kuieleza kwa Kiswahili chepesi bila karatasi. Kisha mwombe mfamasia nusu saa yake. Kaa naye ana kwa ana, umweleze dawa hizo, na yeye akuhoji kama daktari mkali. Makosa ya matamshi na ya uelewa hayaonekani unaposoma peke yako.

Daktari akikuuliza usichokijua, mwambie hujui, andika swali mbele yake, lipeleke kwa idara ya kitabibu ya kampuni, na urudi na jibu siku uliyoahidi. Akiuliza matumizi yaliyo nje ya waraka, fanya hivyo hivyo. Hilo si lako kulijibu. Na mgonjwa, jirani au shangazi akijua unauza dawa atakuuliza abadilishe dozi au aache. Mpeleke kwa daktari au mfamasia wake, hata kama jibu unalijua, kwa sababu figo zake hujazipima na dawa nyingine anazokunywa hujaziona.